Flati ya Mwisho Ni Fa: Jinsi ya Kusoma Funguo za Flati kwa Mtu Aliyekulia Kwenye Solfa

Ukifungua kitabu cha nyimbo chenye nota za mistari ukakuta vialama vinavyofanana na herufi b iliyochongoka chini, yaani flati, vimejipanga mwanzoni, kabla hata ya nota ya kwanza, usikifunge. Wanakwaya wengi hapa Tabora hukifunga. Watakwambia mambo hayo ni ya wapiga piano, wao wamezoea do-re-mi. Mimi nafundisha kwaya na tarumbeta hapa Ng'ambo, na ubishi wangu na watu hawa ni mmoja: aliyekulia kwenye solfa ana njia fupi ya kuzielewa flati kuliko aliyeanzia kwenye kibodi. Njia yenyewe ni hii. Flati ya mwisho, ile ya kulia kabisa, ni fa. Siku zote, bila ubaguzi. Ukishaijua fa, unashuka fa, mi, re, do, na hapo umepata do ya wimbo wako.

Hilo lishike kwanza. Kwa nini iwe hivyo, tutafika.

Flati hushusha nota kwa nusu toni, yaani kwenye kibodi unasogea kitufe kimoja kushoto, kiwe cheusi au cheupe. Vitufe vyeusi vimepangwa viwili-viwili na vitatu-vitatu. B-flati ni cha kulia kabisa katika kundi la vitatu. E-flati ni cha kulia katika kundi la viwili. A-flati kiko katikati ya vitatu, D-flati ni cha kushoto katika viwili, na G-flati ni cha kushoto katika vitatu. Hapo vyeusi vyote vitano vimekwisha. Ndiyo maana C-flati na F-flati huwachanganya watu: hawaoni cheusi cha kuzipa. C-flati inapigwa kwenye kitufe cha B, na F-flati kwenye kitufe cha E, basi.

Sasa zile flati zilizopangwa mwanzoni ndizo alama za ufunguo, au kii kama tunavyosema kwaya. Zikiandikwa pale, zinatawala wimbo mzima mpaka zibadilishwe. Na hapa kuna jambo ambalo wanaoanza hulikosea kila mara: flati iliyokaa kwenye mstari wa tatu haiwahusu tu wakazi wa mstari wa tatu. Inazihusu B zote, ya juu, ya chini, hata ile iliyoning'inia chini ya mistari ambako sauti ya pili huenda kujificha. Flati inayotokea katikati ya wimbo, imebandikwa kwenye nota moja, hiyo ni kitu kingine. Inafanya kazi ndani ya kipimo hicho tu, yaani kati ya mistari miwili ya wima, na kwenye mstari huo huo au nafasi hiyo hiyo. Mstari wa kipimo ukipita, imekufa. Ile nyingine inayofanana na kisanduku chenye miguu miwili ni nachuro, kazi yake ni kufuta flati kwa muda.

Turudi kwenye fa.

Imba do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Hatua kati ya nota hizo hazilingani. Kutoka mi kwenda fa ni nusu toni, kutoka ti kwenda do ni nusu toni, nyingine zote ni toni nzima. Mwanakwaya anajua hili kwa koo lake hata kama hajawahi kuambiwa. Ukianzia C kwenye vitufe vyeupe, kila kitu kinajipanga chenyewe: E na F hazina cheusi katikati yao, B na C nazo hivyo hivyo. Hakuna flati, hakuna shapu, ile alama inayopandisha nota nusu toni.

Anzia F sasa, uendelee kupiga vyeupe tu. F ni do, G ni re, A ni mi. Nota ya nne ni B, na hapo sikio linagoma. Kutoka A kwenda B ni toni nzima, wakati mi na fa zinataka nusu. B iko juu mno. Ishushe, iwe B-flati, na wimbo unatulia. Hiyo ndiyo flati moja ya ufunguo wa F, na umeipata mwenyewe bila kukariri.

Angalia kilichotokea hapo. B ilikuwa ti katika ufunguo wa C. Tumeishusha nusu toni, imegeuka fa katika ufunguo wa F. Mashine yote ya flati ni hiyo: chukua ti ya ufunguo uliopo, ishushe, inakuwa fa ya ufunguo unaofuata. Endelea nayo. Katika F, ti ni E. Ishushe, E-flati, ni fa ya B-flati. Katika B-flati, ti ni A. Ishushe, A-flati, ni fa ya E-flati. Ti ya E-flati ni D. Ikishuka ni fa ya A-flati. Ti ya A-flati ni G. Ikishuka ni fa ya D-flati. Ti ya D-flati ni C. Ikishuka ni fa ya G-flati. Mwisho ti ya G-flati ni F; ikishuka ni fa ya C-flati, na nota zote saba zimekwisha kushushwa.

Kila flati mpya huongezwa kulia kwa wenzake. Kwa hiyo ya kulia kabisa ndiyo iliyoingia mwisho, na iliyoingia mwisho ni fa.

Waliotumia vitabu vya zamani vya solfa wameshaliona jambo hili bila kulitambua. John Curwen, yule mchungaji wa Uingereza aliyeueneza mfumo wa solfa katika karne ya 19, aliweka utaratibu kwamba wimbo ukihamia upande wa flati, herufi f iandikwe kushoto kwa jina la ufunguo mpya. Ukiona "f. F." juu ya mstari wa solfa, maana yake ni kwamba tumehamia F, na nota ngeni iliyoingia ni fa. Wakihamia upande wa shapu wanaandika t kulia kwa jina, kwa sababu huko mgeni ni ti. Nimewahi kuona kwaya nzima ikiruka herufi hiyo kama vile ni kosa la mpiga chapa.

Kuna njia ya mkato kwa mwenye haraka. Flati zikiwa mbili au zaidi, jina la ile ya pili kutoka mwisho ndilo jina la ufunguo. Flati tatu: B, E, A. Ya pili kutoka mwisho ni E, basi uko E-flati. Flati nne: B, E, A, D. Uko A-flati. Sababu ni ile ile, kwani fa ya ufunguo uliopita ndiyo inayokuwa do ya ufunguo unaofuata. Ufunguo wenye flati moja hauna ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo huo ukumbuke tu: flati moja, F. Mimi mwenyewe nawafundisha wanafunzi kuhesabu kutoka fa kabla sijawapa mkato huu. Anayeanza na mkato hujua jina la ufunguo, lakini mwambie aimbe na hajui do iko mstari gani.

Mpangilio haubadiliki: B, E, A, D, G, C, F. Huwezi kukuta ufunguo wenye A-flati usio na B-flati na E-flati. Ni kama treni ya kwenda Kigoma: ukiondoka Tabora huwezi kushuka Kaliua bila kupita Usoke na Urambo. Kwa hiyo ukiambiwa "flati tatu" huna haja ya kuuliza zipi. Kwa wale wanaotaka kitu cha kushika kichwani, darasani kwangu tunasema Bibi Esta Anauza Dagaa Gengeni, Chukua Fungu. Watoto wanaipenda, na wazee wananuna kidogo kisha wanaitumia kimya kimya.

Kwenye mistari, kwa upande wa sauti ya kwanza na ya pili, B-flati inakaa mstari wa tatu, E-flati nafasi ya juu kabisa, A-flati nafasi ya pili kutoka chini, D-flati mstari wa nne, G-flati mstari wa pili, C-flati nafasi ya tatu, F-flati nafasi ya kwanza. Zinapanda na kushuka kwa zamu. Kwenye mistari ya besi umbo ni lile lile, ila lote limeshuka: B-flati iko mstari wa pili badala ya wa tatu, na nyingine zinaifuata.

Jaribu sasa. Chukua kitabu chochote chenye nota za mistari, tafuta wimbo wenye flati tatu. Weka kidole kwenye flati ya kulia kabisa: iko nafasi ya pili, ni A-flati. Sema "fa". Shusha kidole mstari wa pili, sema "mi". Nafasi ya kwanza, "re". Mstari wa kwanza kabisa chini, "do". Hapo ndipo nyumbani kwa wimbo. Kila nota inayokaa mstari wa chini kabisa ni do, iliyo mstari wa pili ni mi, mstari wa tatu ni so, na wimbo mzima unausoma kwa solfa yako ya siku zote. Ukikuta G, F, E-flati, D, E-flati, utaimba mi, re, do, ti, do, na koo lako litaziweka flati mahali pake bila wewe kuziwazia. Wanaofundisha kwa kukariri "B iwe flati, E iwe flati, A iwe flati" wanampa mwimbaji mzigo ambao hahitaji. Mpiga kibodi anauhitaji, kwa sababu vidole havina sikio.

Kwa nini tarumbeta zinapenda flati

Ukiwa na kwaya peke yake unaweza kuanzia popote. Ukiwa na tarumbeta, flati utazijua tu, upende usipende. Trampeti ya kawaida na tromboni zimejengwa juu ya B-flati. Puliza tromboni na mkono wake ukiwa umerudishwa wote ndani, zitatoka B-flati, F, B-flati, D na ndugu zao, na B kavu hutaipata hapo hata upulize mpaka mashavu yaume. Funguo za F, B-flati, E-flati na A-flati zinalala vizuri mkononi. Ufunguo wa E wenye shapu nne, ambao wapiga gitaa wanauabudu, kwa mpiga tromboni ni mateso.

Huku kwetu tarumbeta za kanisani zina mizizi mirefu. Wamoraviani walipokea kituo cha Urambo mwaka 1898, na kanisa lao huko kwao Ujerumani lilikuwa limeshazoea tromboni ibadani tangu karne ya 18. Kwa hiyo mwenye kujifunza flati hapa Tabora huenda akakutana na kitabu cha Kijerumani, na humo kuna mtego. Wajerumani wakiandika B wanamaanisha B-flati. B ya kawaida wanaiita H. E-flati wanaiita Es, A-flati As, D-flati Des. Ukiona "B-dur" juu ya wimbo, usitafute shapu tano. Hesabu flati: ziko mbili.

Mtego wa pili ni wa trampeti. Katika desturi ya vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Ujerumani, wapigaji wote husoma sauti halisi, kama mpiga kinanda. Lakini nota za bendi za Kiingereza na Kimarekani huandikwa tofauti: trampeti ya B-flati ikiona C, inayotoka ni B-flati. Kwa hiyo nota zake huandikwa toni moja juu, na hesabu yake ni rahisi: ondoa flati mbili. Kwaya ikiwa E-flati, flati tatu, trampeti inaandikiwa F, flati moja. Kwaya ikiwa A-flati, flati nne, trampeti inaandikiwa B-flati, flati mbili. Kwaya ikiwa F yenye flati moja tu, unaondoa hiyo moja na deni lililobaki linalipwa kwa shapu moja, yaani G. Saksafoni ya alto, yenyewe ni ya E-flati, kwa hiyo unaondoa tatu. Kabla hujagawa karatasi, uliza kila mpigaji amefundishwa kusoma vipi. Wawili waliokaa benchi moja wanaweza kuwa wanasoma tofauti.

Na kibodi. Hapa nina kinyongo kidogo na kile kitufe cha transipozi, kinachohamisha sauti zote za kibodi juu au chini. Jumamosi moja mazoezini, mzee wetu wa tromboni alimgeukia kijana wa kibodi.

"Tuko kii gani, mjukuu wangu?"

"C, babu."

Mzee akavuta pumzi, akapuliza do yake, C safi kabisa. Kibodi ikalia E-flati. Waimbaji wakatazamana. Mzee hakugomba, aliweka tromboni magotini, akasogea, akainama kwenye kioo cha kibodi na kusoma: +3.

"Hiyo C yako imepanda vitatu," akasema. "Hesabu unipe jina lake."

Kijana akahesabu kwa kidole: D-flati, D, E-flati.

"Sasa sema E-flati, tuendelee."

Simkatazi mtu kutumia kitufe hicho. Wengi wanaotupigia ibada Jumapili hawajapata mwalimu wa kinanda, na kitufe kinawasaidia. Ninachotaka ni kwamba aliyeweka +3 ajue yuko E-flati na atamke hivyo. Ukiwa unapiga vidole vya C, +5 ni F, -2 ni B-flati, +3 ni E-flati, -4 ni A-flati, +1 ni D-flati. Iandike kwa kalamu kwenye kipande cha plasta, ubandike juu ya kibodi. Halafu polepole anza kupiga F bila transipozi, kwa kuwa kuna cheusi kimoja tu cha kukumbuka. Ukiizoea hiyo, nenda B-flati.

Flati hizo hizo, wimbo wa huzuni

Alama za ufunguo hazikwambii kila kitu. Flati moja inaweza kuwa F ya furaha au D ya huzuni, ile tunayoita maina, ambayo makao yake ni la badala ya do. Namna ya kutambua: nenda nota ya mwisho ya besi. Ikiwa ni do, uko upande wa kawaida. Ikiwa ni la, uko maina, na jina la ufunguo ni jina la hiyo la. Flati mbili ni G maina, tatu ni C maina, nne ni F maina. La iko nusu toni tatu chini ya do, kwa hiyo hata ukisahau majina unaweza kuhesabu kwenye kibodi.

Dalili nyingine ni so iliyopandishwa, ambayo vitabu vya solfa huiandika se. Ukiiona inarudirudi mbele ya la, maina hiyo. Kwenye nota za mistari uangalie vizuri: katika D maina na G maina, se huandikwa kwa shapu, C-shapu na F-shapu. Ukifika C maina, so yake ni B-flati, kwa hiyo kuipandisha ni kuirudisha B ya kawaida, na alama utakayoiona ni nachuro. F maina nayo ni hivyo hivyo, E inapata nachuro. Waimbaji wakiona nachuro hudhani sauti inashuka au inatulia. Waambie inapanda.

Sasa mazoezi. Wiki ya kwanza baki na flati moja na mbili tu. Kila wimbo, kabla ya kutoa sauti, mwimbaji mmoja aje mbele aweke kidole kwenye flati ya mwisho, aseme fa, ashuke mpaka do kwa kuimba. Badilisha mtu kila wimbo, na usiwaache besi wajifiche nyuma. Waje na mistari yao, kwa sababu do kwao inakaa mahali pengine. Wiki inayofuata ongeza tatu na nne. Katika F sikiliza kwa makini A, B-flati, C, yaani mi, fa, so: sauti ya kwanza wakichoka huiachia fa ipande mpaka B ya kawaida, na wimbo unayumba hapo hapo. Ukiisikia, simamisha, waimbe mi-fa, mi-fa, mi-fa mpaka ile nusu toni iwe nyembamba, kisha endelea.

Flati tano zipo vitabuni lakini si kila siku. Sita, yaani G-flati, kwenye kibodi inapigwa sawasawa na F-shapu yenye shapu sita, kwa hiyo mtunzi anachagua ipi aandike. Kama kuna tarumbeta achague flati. Saba nimeieleza ili mpangilio ukamilike. Ukiletewa wimbo wa flati saba kwa kwaya ya mtaani, mrudishie mtunzi aandike B yenye shapu tano, inayopigwa kwenye vitufe vile vile.

Ukianza kunakili mwenyewe, andika alama za ufunguo upya mwanzoni mwa kila mstari wa wimbo, wala si ukurasa wa kwanza tu. Tumbo la flati, si mkia wake, ndilo linaloonyesha ni nota gani, kwa hiyo tumbo likatwe na mstari katikati au lijae nafasi yake. Tumia penseli, na karatasi ya besi iandike mwisho, ukiwa umeshazoea umbo la flati za juu.